Nimelificha goti langu miezi minane: niache karate, au nivumilie hadi mkanda mweusi?

Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 48, na kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye. Nimefanya mazoezi ya karate ya Shotokan kwa miaka 14 sasa, ingawa sikuingia kwa nia yangu. Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miaka saba nilikuwa nikimpeleka katika ukumbi wa jamii ambako mwalimu mmoja aliwafundisha watoto, nami nikiketi kwenye benchi kumsubiri, hadi jioni moja mwalimu yule aliponiambia kuwa benchi halimfundishi mtu kitu, nivue viatu niingie. Binti aliacha alipofika kidato cha pili, na sasa yuko chuoni Eldoret. Mimi nilibaki.

Si rahisi kueleza mazoezi haya yamenifaa kwa namna gani. Nilipoanza, mgongo wangu ulikuwa umepinda kwa kuinamia cherehani tangu alfajiri, na nilikuwa mtu wa hasira za haraka kwa wateja na kwa watu wa nyumbani. Mgongo ulinyooka, hasira zikapungua. Mwaka niliomzika mama yangu kule Siaya, nilirudi ukumbini siku mbili tu baada ya kutoka matangani, na hakuna aliyeniuliza neno. Walinipisha mahali pangu kwenye mstari, tukapiga ngumi mia moja kwa hesabu, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, jasho likinisitiri.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Nina mkanda wa kahawia, kyu ya kwanza, daraja la mwisho kabla ya mkanda mweusi, na nimekaa hapo miaka mitano. Mtihani wa dan, yaani wa mkanda mweusi, niliufanya mara moja, miaka mitatu iliyopita, nikashindwa. Mwalimu wetu wa kwanza alihamia mji mwingine, na darasa likachukuliwa na kijana wa miaka 29 ambaye mimi na yeye tulianza mwaka mmoja. Gi yake ya kwanza, lile vazi la mazoezi, niliishona mwenyewe kwa kitambaa cha marekani, kwa sababu wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumnunulia. Leo humwinamia na kumwita Sensei, yaani mwalimu, naye akinikuta sokoni huniita Mzee. Sina kinyongo naye hata kidogo, kwa kuwa anafundisha vizuri.

Miezi minane iliyopita nilikuwa nikifanya Heian Shodan, kata (mfululizo wa miendo iliyopangwa) ya kwanza kabisa, ile ambayo hata mtoto wa mkanda mweupe huifanya. Nilipofika baada ya kinga ya juu ya tatu, pale tunapopiga ukelele kisha mwili mzima ukageuka robo tatu ya duara juu ya mguu wa kulia, nilisikia kitu kikikwaruza ndani ya goti. Sikusema kitu. Tangu siku hiyo goti huvimba baada ya mazoezi, na mara mbili limekwama nusu limekunjwa, ikabidi nilitikise taratibu hadi likafunguka. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na siku hizi naikanyaga kwa mguu wa kushoto.

Mtihani mwingine wa dan uko mwezi wa Desemba. Vijana wawili niliowafundisha kufunga mkanda tayari wana mikanda myeusi. Jumamosi nyingi nakosa mazoezi kwa sababu ya mazishi na harambee, jambo ambalo vijana hawana. Mke wangu aliwahi kusema mara moja tu kwamba pesa za ada na za mtihani zina kazi nyingine hapa nyumbani, kisha akanyamaza. Sijamwambia habari za goti, kwa kuhofia kwamba atanikataza. Kila Jumanne na Alhamisi usiku nikirudi nakuta beseni la maji moto yenye chumvi limewekwa kando ya kiti changu.

Swali langu ni hili. Je, niache sasa kabla sijaaibika, au nivumilie hadi Desemba, nipate mkanda mweusi, ndipo niache kwa heshima? Tulifundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu, lakini sijui tena ninachokivumilia ni nini.

Fundi, Kisumu.

JIBU

Fundi, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja, kwenye ile cherehani unayoikanyaga kwa mguu wa kushoto. Mtu aliyepata riziki yake kwa mguu mmoja kwa miaka mingi hauhamishi mguu huo kwa sababu ndogo. Umeniuliza kuhusu mkanda, na habari ya goti umeipitia kwa sentensi chache, kana kwamba ni maelezo ya njiani. Nitajibu yote mawili, lakini ruhusu nianze na hilo la pili.

Kabla ya hapo nikueleze nilikotoka, ili ujue kwamba ninayoyasema sikuyasoma tu. Nilianza judo hapa Nakuru nikiwa na miaka 36, muuguzi wa zamu mwenye watoto watatu, na nimeifanya kwa miaka 25. Nilipokuwa na miaka 51 niliumia bega kazini nikimwinua mgonjwa. Nilikuwa na kiburi cha kuwa mwanamke wa pekee wa umri wangu katika chumba kile, basi nikanyamaza, nikaendelea kwenda mazoezini, nikajifunza kuvaa gi bila kuuinua mkono juu. Jioni moja kijana wa miaka 20, mpole kuliko wote tuliokuwa nao, alinirusha kwa mrusho ambao mimi na yeye tulikuwa tumeufanya mamia ya mara. Badala ya kuanguka tulivyofundishwa, mkono ukizunguka na kuupiga mkeka, niliunyoosha mkono kujizuia, kwa sababu bega lilikataa kuzunguka. Kiungo kikachomoka. Nakumbuka uso wake kuliko ninavyokumbuka maumivu yenyewe, kwa maana alipiga magoti kando yangu akirudia kuuliza, "Mama, nimefanya nini? Nimefanya nini?"

Bega lilipona baada ya miezi mitano. Kijana hakurudi. Nilimtafuta hadi kwao Bondeni, na mama yake akaniambia kuwa mwanawe anaamini alimvunja mtu wa rika la mzazi wake. Nilimweleza kijana ukweli wote, kwamba bega lilikuwa bovu kabla hajaligusa, naye akanisikiliza kwa adabu, akanishukuru, na bado hakurudi. Imepita miaka kumi. Nilimnyang'anya kitu alichokipenda kwa sababu tu niliona haya kusema sentensi moja.

Hilo ndilo ninalotaka ulitazame kwanza, Fundi. Wewe unadhani goti hili ni siri yako na kwamba hasara yake, ikiwapo, itakuwa yako. Katika sanaa hizi zetu hakuna jeraha la mtu mmoja. Watu wawili wanaposimama kukabiliana wanakuwa wamekopeshana miili, na kila mmoja hupima nguvu zake kulingana na mwili anaouona mbele yake. Mwenzako wa kumite, yale mapambano ya wawili, anakupiga teke la chini akijua kwamba utarudi nyuma au utageuka, kwa kuwa ndivyo ulivyofanya kwa miaka 14. Hajui kwamba goti linaweza kukwama hapo hapo. Likikwama siku hiyo, atakayelala bila usingizi ni yeye. Na iwapo itakuwa ni Sensei wako, yule uliyemshonea gi akiwa mtoto, sitaki hata kuwaza atakavyojisikia.

Umetaja methali ya mvumilivu. Ni ya kweli, na mimi nimeila mbivu yake. Lakini iko nyingine ambayo wauguzi tunaijua zaidi, isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na hizi mbili hazigombani hata kidogo. Kuvumilia ni kukaa na ugumu unaoujua, wewe na wale wanaopaswa kuujua. Mazoezi ya Kisumu saa kumi na moja jioni, ukumbi ukiwa na joto la mchana mzima, hayo ni ya kuvumilia. Kushindwa mtihani na kurudi Jumanne inayofuata kusimama nyuma ya waliofaulu, huo ni uvumilivu mkubwa, nawe umeufanya bila kujisifu popote katika barua yako. Goti linalovimba na kufichwa chini ya suruali ya gi ni kitu cha aina nyingine, na jina la uvumilivu halilifai.

Sasa goti lenyewe. Ndani yake, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo hubeba uzito na kuufanya mwendo uwe laini. Goti limeumbwa kukunjika na kunyooka, na kugeuka kidogo tu. Kugeuka kwa kweli ni kazi ya nyonga na ya wayo juu ya sakafu. Ukiwa umeuelemeza uzito wote kwenye mguu mmoja, wayo ukashika sakafu na mwili ukageuka juu yake, msokoto wote huishia gotini, na gegedu la mtu aliyekaribia miaka 50 huchanika kwa urahisi kuliko la kijana. Kuvimba baada ya mazoezi ni dalili ya kutazamwa na daktari. Kukwama ni dalili ya kutazamwa haraka zaidi, kwa kuwa huenda kipande kilichochanika kinaingia katikati ya kiungo kama kokoto chini ya mlango. Mimi si daktari, wala siwezi kulipima goti kwa barua. Nenda wiki hii katika hospitali ya Jaramogi, ile ambayo watu wa Kisumu bado huiita Russia, au kwa daktari yeyote wa mifupa unayemwamini, na umweleze mambo matatu ambayo umeniambia mimi: mwendo uliokuwa ukiufanya, kuvimba, na kwamba limekwama mara mbili. Mwambie pia kwamba kazi yako ni ya kukanyaga cherehani, maana hilo litabadilisha ushauri wake. Hadi hapo usifanye kumite, wala kata yoyote yenye kugeuka.

Si kila goti la namna hii hupelekwa kwenye upasuaji. Mengi hutulizwa kwa kupumzishwa na kwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na ya nyonga, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Utapewa vitu vinavyoonekana vidogo mno kwa mtu wa mkanda wa kahawia, kama kuinuka kitini polepole bila kushika kitu, au kupanda ngazi moja na kushuka. Vifanye kwa uzito ule ule unaoifanyia kata. Misuli ya binadamu huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30 hivi, na kano, kwa kuwa hupata damu kidogo, huchelewa kupona. Kwa hiyo mwenye miaka 48 asiyeimarisha misuli makusudi anakwenda mazoezini akitumia akiba, na akiba huisha.

Inayofuata ni habari ya Sensei, na hapa nafahamu kinachokufunga ulimi. Ndani ya ukumbi yeye ni mkubwa wako, nje ya ukumbi wewe ni mkubwa wake, na neno kama hili halina mahali pa kusemewa. Ukilisema mbele ya darasa utakuwa umejishusha, naye utakuwa umembana, kwa sababu hatajua akujibu kama mwalimu au kama mtoto. Usimwendee ukumbini. Mwite kibandani kwako, umwambie umeona gi yake imechakaa mabegani na ungependa kumpima. Mbele ya cherehani yako nyote wawili mtajua kusimama, maana hapo ndipo mlipoanza kujuana. Ukishapima, mwambie kwa maneno machache: "Sensei, goti langu la kulia lina kasoro tangu mwezi fulani. Nilikosea kukuficha. Naenda hospitali, na nitakuletea maneno ya daktari." Kisha nyamaza, umwache aseme. Usijitetee, wala usimwombe akuhurumie. Nadhani utagundua kwamba ameliona kitambo. Mwalimu aliyekutazama ukigeuka kwa miaka yote hiyo hawezi kukosa kuona kwamba unageuka vingine, na pengine amenyamaza kwa ile heshima ile ile iliyokunyamazisha wewe.

Mkeo naye, sina haja ya kusema mengi. Umeniandikia kwamba hujamwambia. Fundi, beseni la maji ya chumvi halijiweki lenyewe kando ya kiti. Mtu anayekuchemshia maji siku zile zile mbili, wiki baada ya wiki, bila kuombwa na bila kuuliza, amekwisha kuambiwa na mguu wako unavyokanyaga sakafu ukiingia mlangoni. Anachosubiri ni kuambiwa kwa mdomo. Nenda naye hospitalini ikiwezekana. Na lile neno lake la pesa lilikuwa la haki, kwa hiyo kaeni chini muandike ada ya mwezi, nauli na mtihani katika karatasi moja na mahitaji ya nyumba, ili karate iwe miongoni mwa matumizi mliyokubaliana, isiwe kitu unachokipenyeza.

Nimefika kwenye swali lako la mkanda. Desemba hii usifanye mtihani, hata kama daktari atakupa habari njema, kwa sababu goti lililotoka kupona halipelekwi mbele ya watahini. Mwambie Sensei mapema jina lako liondolewe, jambo ambalo halina aibu.

Kilichonishtua zaidi ni yale maneno yako, "nipate mkanda mweusi, ndipo niache kwa heshima." Ngazi hizi za dan zilitoka kwenye judo, kwa Jigoro Kano, aliyeanzisha Kodokan, shule ya judo, mwaka 1882. Gichin Funakoshi, ambaye mtindo wako wa Shotokan unatokana naye, aliziazima na kuanza kuzitoa katika karate mwaka 1924. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule kisiwani Okinawa, akaifanya karate tangu ujana wake bila daraja la aina hiyo, na alipokwenda Tokyo mwaka 1922 kuionyesha alikuwa na miaka 53. Huko alikaa katika bweni la wanafunzi, akifagia na kutunza bustani ili apate mahali pa kulala, huku akifundisha. Kazi ambayo leo dunia inamkumbukia ilianza akiwa amekuzidi umri kwa miaka mitano. Na dan ya kwanza yenyewe, shodan, kwa Kijapani ni ngazi ya mwanzo. Ukipanga kuondoka siku utakapoipata, unapanga kutoka mlangoni siku ya kukaribishwa.

Liko jambo jingine la kale litakalokufaa kwa vitendo. Ile mikao mirefu ya chini sana ambayo vijana wenu huishika, magoti yakikaribia sakafu, haikuwa hivyo tangu mwanzo. Picha za Funakoshi mwenyewe zinamwonyesha akisimama juu zaidi, na mikao ya chini ilishika nguvu baadaye, kwa sehemu kubwa kupitia mwanawe Yoshitaka, katika miaka ya 1930 na 1940. Ukirudi, simama juu. Katika mkao wa kiba-dachi, ule wa kupanua miguu kama aliyepanda farasi, goti lielekee kule vinakoelekea vidole vya mguu, lisiangukie ndani. Na katika ule mgeuko wa Heian Shodan, punguza uzito kwenye mguu wa kulia kabla hujageuka, uache wayo na nyonga vizunguke pamoja, hata kama itakubidi ugeuke kwa hatua mbili ndogo. Sensei akikubali, mtoto wa mkanda mweupe atakutazama atajifunza kugeuka bila kujiumiza, na hilo hatalipata kwa kijana ambaye goti lake halijawahi kumwambia kitu.

Hao vijana wawili waliokupita nawe unawajua kwa mafundo ya mikanda uliyowafundisha. Wanakupita kwa kasi na kwa kimo cha teke, na watazidi kukupita, kwa kuwa ndivyo miaka inavyofanya kazi. Jumamosi za mazishi zitaendelea kukutoa ukumbini pia, maana kwetu mtu wa umri wako hawezi kukosa matangani akasema alikuwa karatini. Usijaribu kuzifidia kwa kujichosha mara mbili Jumanne. Mtu mzima aliyehudhuria siku moja kwa wiki kwa miaka kumi amefanya mazoezi mengi kuliko aliyekwenda kila siku kwa mwaka mmoja akavunjika.

Na iwapo baada ya goti kupona utakuta hamu imekwisha, acha. Nasema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini usiamue ukiwa unaumwa na unaficha, kwa sababu mtu mwenye siri huchoka na siri akadhani amechoka na kazi. Mimi nilipolala na bega langu nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba judo na mimi basi. Nilirudi mwezi wa sita nikafanya Ju no Kata peke yake, ile ambayo hakuna anayeangushwa, kwa karibu mwaka mzima, na ni mwaka ambao nilijifunza kushika mkono wa mwenzangu bila kuuvuta.

Niandikie ukishatoka kwa daktari. Sensei umwite Jumatano au Alhamisi asubuhi, maana Jumapili Kibuye haisemezeki kwa watu, na jambo hili linahitaji utulivu. Mpime mabega vizuri, kisha ongeza inchi moja mgongoni, kwa kuwa gi mpya ya marekani hurudi ikifuliwa.